Darubini ya Joto Iwe Mkononi mwa Mlinzi

Tangu zamani giza limekuwa ngome ya mnyama wa mwituni. Mchana binadamu humzidi kwa akili, kwa silaha na kwa wingi wa mbinu. Usiku ukiingia, mnyama hupata nafasi ya kunywa maji, kula majani na kumnyonyesha mwanawe. Ngome hiyo sasa imetobolewa. Kimeundwa kifaa kidogo cha kushika kwa mkono mmoja, mfano wa darubini, kinachomwezesha mtu kumwona swala au paa gizani kutoka umbali wa mamia ya mita, pasipo mbalamwezi, pasipo taa wala kurunzi. Wataalamu hukiita kamera ya joto. Sisi katika safu hii tutakiita darubini ya joto, kwa kuwa ndivyo kinavyotumika.

Huko Ulaya na Marekani kifaa hiki huuzwa madukani pamoja na bidhaa nyingine za uwindaji. Wanunuzi wake wengi ni wawindaji wa ayala, mnyama wa nchi za baridi mwenye pembe za matawi ambazo hudondoka na kuota upya kila mwaka. Kwetu ayala hayuko. Tunao paa, swala, tandala, pofu, digidigi na ndugu zao, na damu yao ni ya moto kama damu ya ayala. Kifaa kinachomwona mmoja kitamwona na mwingine. Kwa hiyo hatuwezi kukaa na kusema kwamba jambo hili ni la watu wa mbali na misitu yao.

Tunapenda leo kulitazama jambo hili kutoka wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro, kwenye milima ya Upare na nyika ya Mkomazi iliyotandaa chini yake. Msomaji wa visiwani anaweza kuuliza: Same ni bara kavu, yatuhusu nini? Yatuhusu kwa mambo mawili. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilishika njia ya Pangani, ikaufuata mto na kupita kandokando ya milima ya Upare kuelekea Kilimanjaro, na pembe za tembo zilizopatikana huko zikavushwa bahari mpaka soko la Unguja. Sehemu ya utajiri uliojenga mji wetu ilitoka katika nyika zile. Jambo la pili ni kwamba sisi wenyewe tunaye mnyama wetu aliyebakia wachache, na habari yake tutaieleza mbele.

Kwanza ni vyema tukielewe kifaa chenyewe, maana hukumu ya kitu hutokana na kukijua. Kila kitu chenye joto hutoa mionzi ambayo jicho la binadamu haliioni. Mwaka 1800 mtaalamu wa nyota William Herschel, akiwa Uingereza, aliutawanya mwanga wa jua kwa kioo cha pembe tatu, akapima joto la kila rangi kwa kipimajoto. Kisha akaweka kipimajoto kimoja pembeni, nje ya rangi nyekundu, mahali palipoonekana kuwa hapana mwanga wowote. Joto likaonekana kuwa kubwa zaidi pale pale pasipoonekana kitu. Hivyo ndivyo mionzi ya infraredi ilivyogunduliwa.

Kwa muda mrefu elimu ya kuigeuza mionzi hiyo kuwa picha ilikuwa mali ya majeshi. Vyombo vya awali vilikuwa vizito, na vingi havikuweza kufanya kazi mpaka vipozwe kwa baridi kali. Katika miaka ya 1980 mafundi wa Marekani, kwa fedha za jeshi lao, waliunda kibamba chenye maelfu ya vipimajoto vidogo mno visivyohitaji kupozwa. Katika miaka ya 1990 siri hiyo iliruhusiwa kutoka, na tangu hapo kifaa kimekuwa kikipungua ukubwa na bei mwaka hadi mwaka. Hata hivyo bado ni ghali. Lenzi yake haiwezi kuwa ya kioo cha kawaida, kwa sababu kioo huizuia mionzi hiyo. Nyingi hutengenezwa kwa gerimani, ambayo ni adimu. Kwa mkulima wa kijijini, bei yake ni mavuno ya msimu mzima, na pengine zaidi.

Darubini hii si muujiza. Haioni kupitia ukuta wala kichaka kizito, na mvua na ukungu huidhoofisha. Katika nyika ya Same, ambako milima huzuia mvua itokayo Bahari ya Hindi na kuuacha upande wa magharibi ukiwa mkavu, mawe na udongo huendelea kutoa joto baada ya jua kuchwa, na mnyama huweza kuchanganyika na mwamba. Lakini usiku wa manane kuelekea alfajiri ardhi hupoa, na kila chenye uhai hung'ara katika kioo cha kifaa kama kaa la moto jivuni. Saa hizo ndizo ambazo usingizi huwa mzito kwa kila mtu, mlinzi akiwamo.

Sasa tuseme wazi ni kitu gani kinachobadilika. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, ambayo ndiyo sheria ya Tanzania Bara, inakataza kuwinda wakati wa giza pasipo idhini maalumu. Lakini sheria peke yake haikamati mtu. Mwizi hukamatwa na mlinzi aliyemwona, na kwa miaka mingi mlinzi aliweza kumwona mwizi wa usiku kwa sababu ya taa ya mwizi mwenyewe. Wawindaji haramu wa nyikani humulika digidigi kwa kurunzi kali mpaka mnyama akapumbaa na kusimama kama aliyefungwa kamba, kisha wakamwendea kwa rungu au panga. Ni unyama, lakini ni unyama wenye dalili. Mwanga ule ule unaompumbaza mnyama huonekana kutoka mlimani kwa umbali mkubwa, na askari anayejua kazi yake hujua pa kwenda.

Darubini ya joto haitoi mwanga. Hupokea tu joto la mnyama na kukaa kimya. Mtu anaweza kukaa nayo kwenye kichuguu usiku kucha, akahesabu kundi zima la swala, akachagua jike mwenye mimba au dume mkubwa, na askari aliye mlima wa pili asione hata cheche. Kurunzi ilikuwa ikimfichua mnyama na mwizi kwa pamoja. Darubini ya joto humfichua mnyama peke yake. Hilo ndilo badiliko, na ndilo linalotufanya tuandike. Katika mizani ya usiku, kifaa hiki kimeongeza uzito upande mmoja tu, na upande huo ni wa yule atakayekimiliki kwanza.

Tukiuliza wenzetu wanaokitumia wamefanyaje, tutaona kwamba hata wao hawakuliacha jambo hili liende ovyo. Nchini Uingereza, Sheria ya Ayala ya mwaka 1991, inayotumika England na Wales, inakataza kumuua ayala kuanzia saa moja baada ya jua kuchwa mpaka saa moja kabla ya jua kuchomoza, ila kwa leseni. Huko Marekani majimbo mengi huwakataza wawindaji kutumia darubini ya joto kumwinda ayala, ingawa baadhi ya majimbo hayo hayo huiruhusu kwa nguruwe mwitu, kwa kuwa nguruwe hao wameongezeka na wanaharibu mashamba. Scotland imekwenda njia nyingine. Mwaka 2023 iliondoa marufuku ya kutumia vioo vya kuonea usiku katika kuwinda ayala, kwa sababu huko mbwa mwitu walikwisha karne nyingi zilizopita, ayala wamezidi kiasi, na miche ya misitu haikui kwa kuliwa.

Funzo ni jepesi. Nchi yenye wanyama waliozidi hulegeza kamba, na nchi yenye wanyama wanaopungua huikaza. Sisi tuko katika kundi la pili. Mtu asije akatuletea sheria ya Scotland na kuivika kanzu, akasema kwamba hayo ndiyo maendeleo.

Mkomazi ni ushahidi tosha wa jinsi mnyama anavyoweza kwisha macho yetu yakiwa wazi. Pori hilo lilitengwa kuwa pori la akiba mwaka 1951 na kufanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2008. Lina ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 3,200, na limepakana na Tsavo Magharibi ya Kenya, hata tembo huvuka mpaka bila kuulizwa pasi. Ndani yake wamo choroa, tandala mdogo, pofu, kongoni na swala twiga mwenye shingo ndefu, ambaye haonekani katika mbuga nyingi za nchi yetu. Zamani walikuwamo pia faru weusi kwa wingi. Ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 uliwamaliza. Ilibidi mwaka 1997 waletwe faru kutoka Afrika Kusini, na baadaye wengine kutoka Jamhuri ya Cheki mwaka 2009 na Uingereza mwaka 2012, wafugwe ndani ya uzio na kulindwa usiku na mchana. Nchi iliyokuwa na faru wake ikawapokea faru waliozaliwa katika bustani za Ulaya! Hilo ni jambo la kushukuru, na papo hapo ni jambo la kutahayari.

Majangili wa wakati ule hawakuwa na darubini ya joto. Walikuwa na bunduki, kurunzi na wanunuzi. Lau wangekuwa nayo, tusingepata hata muda wa kuhesabu hasara.

Lakini jambo lina pande mbili, na hapa ndipo penye tumaini. Mwizi naye ni kiumbe mwenye damu ya moto. Akijificha nyuma ya kichaka chepesi, joto la uso wake na mikono yake humtangaza. Nchini Kenya, katika Maasai Mara, askari walipewa kamera za joto mwaka 2016 kwa msaada wa shirika la WWF, nyingine za kufungwa juu ya gari na nyingine za kushika mkononi. Katika miezi michache ya mwanzo watu zaidi ya ishirini walikamatwa usiku, wengi wakishangaa askari wamewaonaje gizani. Kifaa ni kile kile kimoja. Kilichotofautiana ni mkono uliokishika.

Kwa hiyo hoja yetu ni hii: darubini ya joto ihesabiwe kuwa chombo cha ulinzi na isiachwe kuwa bidhaa ya kila mwenye fedha. Mlinzi aipate kabla ya mwizi. Na yule mwindaji halali, mwenye leseni yake na anayewinda mchana kama sheria inavyotaka, hapungukiwi na kitu, kwa kuwa mchana Mwenyezi Mungu amempa macho.

Wapo watakaosema kwamba tunawaonea maskini, kwamba kitoweo cha porini ni haki ya mwanakijiji aliyezaliwa pale. Hoja hiyo tunaiheshimu, lakini haihusiki hapa. Maskini wa Kisiwani au Maore hana fedha ya kununua darubini ya joto. Atakayeinunua ni mfanyabiashara mwenye pikipiki, jokofu na wateja mjini, ambaye humlipa kijana wa kijijini ujira mdogo ili yeye ndiye akamatwe. Huyo si mwenye njaa, ni mlanguzi. Anayetaka kula nyamapori kwa halali amewekewa utaratibu, kwa kuwa tangu mwaka 2020 zipo kanuni za kuuza nyama hiyo katika mabucha yaliyosajiliwa. Basi na auze humo au aache.

Wapo pia watakaosema kwamba Ulaya mwindaji huitumia darubini hii kumtafuta mnyama aliyejeruhiwa ili asife kwa mateso, na kuhakikisha kwamba mbele ya bunduki hakuna mtu. Hayo ni kweli na ni mema. Lakini hapa petu ni lazima tulitazame jambo hilo la usalama wa watu kwa uzito zaidi. Joto halina jina. Katika kioo cha kifaa, kwa umbali, mtu aliyeinama hufanana na mnyama anayekula, na mtoto aliyelala kando ya ng'ombe ni doa jeupe kama ndama. Nyika ya Same ina wafugaji wanaolala na mifugo yao, ina kina mama wanaoamka mapema kufuata maji na kuni, ina wasafiri wa miguu. Anayefyatua risasi kwa kuliona joto peke yake, awe mwizi au awe askari, anacheza kamari na roho ya binadamu.

Hapa hatuna budi kuwaambia viongozi maneno ya kweli, maana rafiki ni yule akuambiaye. Watu wanaoishi pembezoni mwa Mkomazi wana kumbukumbu zao. Mwaka 1988 wafugaji waliondolewa katika pori lile, na madai yao yalizunguka mahakamani mpaka Mahakama ya Rufani ilipotoa uamuzi mwaka 1999. Nchi nzima nayo inakumbuka Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013, iliyoanzishwa kwa nia njema ya kuwaokoa tembo, kisha ikasitishwa baada ya taarifa za wananchi kuteswa, kunyang'anywa mifugo na wengine kufa. Na mawaziri wanne wakapoteza nyadhifa zao kwa ajili yake. Chombo cha kuonea gizani kikikabidhiwa kwa mtu asiye na nidhamu, kitageuka kuwa chombo cha kumwinda mfugaji aliyepotelewa na ng'ombe wake. Tukifika hapo, hata aliye upande wa sheria atachukiwa, na mwizi atapata pa kujificha katika nyumba za watu wenye uchungu.

Wapare wana somo lao katika jambo hili. Katika miaka ya 1940, serikali ya mkoloni ilipowaletea kodi ya mbiru bila ya kuwasikiliza, maelfu yao waliteremka kutoka milimani wakakusanyika Same, hawakupigana vita, wala hawakurudi nyuma, mpaka kodi ile ikafutwa. Watu wa namna hiyo hawaongozwi kwa kuviziwa usiku. Huongozwa kwa kushirikishwa mchana.

Ushirikiano huo una pa kuanzia. Vijiji vya tambarare ya Same huteswa na tembo wanaotoka hifadhini usiku kuingia katika mashamba ya mahindi na mpunga. Mkulima hukesha juu ya dungu, akipiga debe na kumulika huku na huku, na mara nyingi humjua tembo wakati tembo yuko tayari katikati ya shamba. Mtu hupoteza mavuno, na pengine hupoteza uhai. Darubini moja ya joto, ikiwa mikononi mwa askari wa wanyamapori wa kijiji aliyefundishwa, ingeweza kumwona tembo mbali, kabla hajafika mpakani mwa shamba, na watu wakapata nafasi ya kumfukuza kwa kelele na pilipili bila ya kumkaribia. Mkulima akiona kwamba kifaa kile kinalinda chakula chake na si digidigi peke yake, yeye mwenyewe atakuwa wa kwanza kutoa habari za mgeni anayezunguka porini na chombo asichokijua.

Sasa turudi nyumbani. Tulisema kwamba tunaye mnyama wetu. Huyo ni paa nunga, ambaye ulimwengu mzima humtazama kuwa ni tunu, kwa kuwa mbali na Unguja anapatikana katika misitu michache tu ya pwani ya Kenya, kama vile Arabuko-Sokoke na Boni-Dodori. Mwaka 1983 walikadiriwa kuwa 5,000 hivi kisiwani Unguja. Mwaka 1999 walikadiriwa kuwa kiasi cha 600 na kitu. Katika miaka kumi na sita tulipoteza karibu paa tisa katika kila kumi. Sababu zake zinajulikana: misitu ya maweni ilikatwa kwa kuni, mkaa na mashamba, na wasasi waliingia na mbwa, nyavu na bunduki. Baadhi ya paa hao walihamishiwa Chumbe ili mbegu isipotee, na Jozani ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004 pamoja na Ghuba ya Chwaka. Ni hatua za kupongezwa. Lakini kisiwa ni kisiwa. Paa wa Mkomazi akifukuzwa anaweza kuvuka mpaka akaingia Tsavo. Paa wa Unguja akifukuzwa, mbele yake ni bahari.

Kumbukumbu ya chui wa Unguja ingetosha kutuonya. Katika miaka ya 1960 walisakwa kwa kampeni kwa sababu ya hofu za watu na tuhuma za kufugwa na wachawi. Leo vijana wetu humjua chui huyo kwa ngozi iliyohifadhiwa na kwa masimulizi ya wazee. Hatutaki siku moja wajukuu waoneshwe picha ya paa nunga na kuambiwa kwamba naye alikuwapo.

Uhifadhi wa wanyama si jambo la Muungano, na Zanzibar ina Sheria yake ya Misitu, Namba 10 ya mwaka 1996. Hiyo ina maana kwamba mlango ukifungwa bara peke yake, mwingine utabaki wazi huku. Kifaa kinaingia mfukoni. Kinaweza kushuka uwanja wa ndege au bandarini ndani ya begi la nguo, kikapita kama darubini ya mtalii, na kesho yake kikawa Mtende au Muyuni. Usipoziba ufa, utajenga ukuta; na ufa huu ungali mwembamba.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa wahusika wa pande zote mbili mambo haya. Kwanza, kila darubini ya joto inayoingia nchini itangazwe forodhani na kuandikishwa kwa jina la mwenye nayo na kazi anayokusudia; mafundi wa umeme, zimamoto, waganga wa mifugo na watafiti wapewe kwa wepesi, kwa kuwa nao wanaihitaji. Pili, kanuni za uwindaji za bara na za visiwani zikitaje kifaa hiki kwa jina, na mtu atakayekutwa nacho porini usiku pamoja na silaha, bila ya kibali, ahesabiwe kuwa ametenda kosa hata kama hajaua mnyama. Tatu, bajeti za uhifadhi zitenge fedha za kuwapatia vifaa hivi askari wa hifadhi, wa misitu na wa vijiji, pamoja na mafunzo yake, maana chombo bila ya fundi ni mzigo. Nne, iwepo amri ya maandishi kwamba hakuna askari atakayefyatua risasi kwa kuliona joto tu, pasipo kumtambua aliye mbele yake. Na kila doria ya usiku itoe taarifa yake kwa uongozi wa kijiji.

Mwaka 1961, miezi michache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, Mwalimu Nyerere alitoa tamko mjini Arusha kwamba wanyamapori ni dhamana ambayo taifa limeikubali kwa niaba ya vizazi vijavyo. Dhamana haina mchana wala usiku. Mtu aliyewekewa amana hawezi kujitetea kwamba iliibwa gizani.

Nasi tuliopita vyuoni tunakumbuka kwamba katika Sura ya Maida, Waislamu walio katika ihramu wameelezwa kuwa mawindo yaliyo karibu na mikono yao ni mtihani, ili adhihirike anayemcha Mungu pale ambapo hakuna anayemwona. Mtihani huo ulikuwa wa mkono na mkuki. Leo mkono umerefushwa kwa mamia ya mita na jicho limepewa uwezo wa usiku. Mtihani, basi, nao umekua. Si kila kitu kinachowezekana ni ruhusa.

Wabunge na Wawakilishi wetu hukutana kila mwaka kupitisha makadirio ya matumizi. Tutayasoma makadirio yajayo ya wizara zinazohusika, bara na visiwani, tukitafuta fungu la kumnunulia mlinzi darubini ya joto. Tukilikosa, tutauliza tena katika safu hii hii.